Goma: mashini ya kufua nguo kwa feza kidogo, bidoni ndiyo inaamua

Mbele ya magazini ya Birere, katikati ya mji wa Goma, mashini za kufua nguo zinapangwa kando ya frigo na televizyo. Kuna mpya zilizo bado ndani ya karatoni, na kuna zile za okazio zilizokwisha kutumika Ulaya. Jamaa yenye feza kidogo ikifika hapo inauliza mambo mawili: bei gani, na inabeba kilo ngapi. Swali la tatu, ambalo muuzaji hana haraka ya kulileta, ni hili: maji yataingia namna gani ndani ya hiyo mashini?

Kwa nyumba yenye bomba linalotoa maji usiku na mchana, swali hilo halina maana. Kwa jamaa nyingi za Goma ndilo linaamua kama feza imefanya kazi, au kama mashini itageuka meza ya kuwekea masufuria.

Kosa la aina hiyo linauma zaidi kwa wakati huu. Tangu mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki za biashara zilifunga milango. Mishahara ya wengi ilianza kupitia simu, na kila mara ya kutoa feza mtu anaacha kitu kwa ajenti. Akiba iko ndani ya AVEC, ndani ya likelemba, au chini ya godoro. Hakuna mkopo wa benki wa kulipa polepole kila mwezi. Anayenunua mashini anaweka dola zote juu ya meza mara moja, tena zisizopasuka hata kidogo, maana noti yenye mkato mdogo inarudishwa. Akikosea aina, hana tena feza ya kununua nyingine mwaka huo.

Hata hivyo watu wananunua, na sababu zao ni za kweli. Nyumba ya watu wanane inaweza kutoa kilo ishirini za nguo kavu kwa juma, na siku ya posho nzima inaishia kwenye besani. Kusugua na kukamua mashuka na jinzi ni kazi ya mgongo na ya vidole, na karibu kila mahali inabebwa na mama na wasichana. Kisha kuna shati jeupe na suruali ya bluu ya masomo. Mtoto mwenye uniforme moja tu anaivua jioni, inafuliwa usiku, na asubuhi inavaliwa bado na unyevu, au inakaushwa kwa pasi ya makala. Kuanzia Septemba, mvua inapoanza kunyesha kila mchana, shida hiyo inarudi kila juma.

Maji kabla ya mashini

Goma haina mto. Mji umekaa juu ya mawe ya lava, na mvua ikianguka inazama chini papo hapo. Maji ya bomba yanatoka hasa katika ziwa Kivu na yanapandishwa kwa pompi za umeme hadi kwenye matanki ya juu, ndipo yashuke mitaani. Umeme ukikatika kwa muda, maji nayo yanafuata. Hilo lilionekana wazi Januari 2025, siku chache kabla ya mji kuanguka, wakati mapigano yalipoharibu nyaya za umeme: taa zilizimika na pompi zilisimama, watu wakarudi kuteka ziwani. Miaka minne mbele ya hapo, baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, lava iliharibu tanki na mabomba, na watu karibu nusu milioni walikosa maji.

Kwa hiyo katika kata nyingi maji yanapimwa kwa bidoni ya lita 20. Yanatoka kwenye kituo cha bomba, kwa gari la tanki, au juu ya chukudu, na bei inapanda mara moja pompi zikinyamaza. Mtu anayechagua mashini anapaswa kuanza hapo: atoe kalamu, ahesabu bidoni.

Aina zilizo sokoni ni tatu. Ya kwanza, ambayo kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini, ni ile ya mapipa mawili: upande mmoja unafua, upande wa pili unazungusha kwa nguvu na kukamua. Maji yanamwagwa ndani kwa ndoo, na nguo zinahamishwa kwa mkono kutoka pipa moja kwenda lingine. Ya pili ni otomatiki ya mfuniko wa juu. Ya tatu ni otomatiki ya mlango wa kioo mbele, ile ya kwenye sinema, na mara nyingi ndiyo ya bei ya juu kuliko zote ikiwa mpya.

Ukisoma karatasi za viwanda peke yake, ile ya mlango wa mbele ndiyo inashinda kwa maji. Inatumia kati ya lita 40 na 60 kwa mzunguko. Kilo ishirini za nguo, kwa mashini ya kilo 7, ni mizunguko mitatu: bidoni sita hadi tisa. Ile ya mfuniko wa juu ndiyo mlafi, kwa sababu nguo zinapaswa kuelea. Lita 100 au zaidi kwa mzunguko, na mizunguko mitatu inaweza kumaliza bidoni 15 hadi 22. Ile ya mapipa mawili inakaa katikati, bidoni kumi na mbili hivi, lakini kwa sharti moja: mwenye kuitumia arudie maji. Anaanza na nguo nyeupe, katika maji yale yale anatia za rangi, kisha za kazi na za watoto wanaocheza udongoni, na maji ya kusuuza yanakuwa maji ya kufulia ya mzunguko unaofuata. Hakuna mama wa Goma anayehitaji kufundishwa jambo hilo, ndivyo anavyofanya tayari na besani tatu. Mashini za otomatiki zinamwaga kila maji mara moja bila kuuliza.

Ingeonekana basi kwamba ile ya mlango wa mbele ndiyo ya kununua. Hapo ndipo wengi wanaanguka, maana shida haiko kwenye wingi wa maji peke yake, iko kwenye namna yanavyofika. Mashini ya otomatiki inakunywa kwa bomba, na bomba lazima lisukume. Nyingi zinaomba walau nusu ya bar, na zingine zaidi. Kila mita kumi za kimo zinatoa bar moja; tanki ya plastiki iliyowekwa juu ya meza ya mbao ya mita mbili inatoa mbili au tatu ya kumi za bar tu. Mashini inafungua kinywa chake, inangoja, haioni maji yanajaa kwa wakati, inaandika alama ya kosa na kusimama na nguo zikiwa ndani. Ili nusu bar ipatikane, tanki inapaswa kukaa mita tano juu ya mashini, karibu kimo cha nyumba ya orofa, au pompi ndogo inunuliwe. Hiyo ni feza nyingine ambayo haikuandikwa kwenye bei ya dukani.

Kuna wanaomwaga maji kwa ndoo kupitia kisanduku cha sabuni. Inawezekana kwa kufua. Lakini mashini hiyo inasuuza mara mbili au tatu, na kila mara inaomba maji mapya, hivyo mtu anasimama pale karibu saa nzima na ndoo mkononi akingoja sauti ya mashini. Huyo hajapumzika, amebadilisha bwana tu.

Kwa nyumba isiyo na bomba la uhakika, ile ya mapipa mawili ndiyo jibu la busara, hata kama haina kioo wala taa za rangi. Ile ya otomatiki ya mfuniko wa juu, ambayo inavutia kwa sababu bei yake iko katikati na sura yake ni ya kisasa, ndiyo mbaya kuliko zote kwa Goma: inataka bomba kama ile ya mbele na inakunywa maji kuliko ile ya mapipa mawili.

Jambo moja lisifichwe. Hakuna mashini hata moja inayobeba bidoni kutoka kituoni. Inaondoa kusugua na kukamua, lakini msichana aliyetumwa kuteka maji kabla ya masomo atatumwa vilevile. Kwa jamaa inayonunua kila tone, feza ya kwanza ingeenda kwa tanki na mfereji wa bati wa kukusanya mvua, kisha mashini baadaye. Maji ya mvua yana faida nyingine: yale ya ziwa Kivu yamejaa madini, yanafanya sabuni itoe povu kidogo na yanaacha ukoko mweupe kwenye chuma kinachopasha maji. Mvua haina madini hayo. Moshi wa Nyiragongo unaichafua, ndiyo maana si ya kunywa hivi hivi, lakini kwa kufua sabuni kidogo inatosha.

Umeme: mara kumi ya tofauti

Tangu mtambo wa Matebe, kwenye mto Rutshuru, ulipoanza kutoa megawati zaidi ya 13 mwisho wa mwaka 2015, sehemu kubwa ya Goma imezoea umeme wa kashi-pawa: unalipa, unatia nambari, unatumia. Mfumo huo una uzuri wake kwa anayechagua mashini, kwa sababu kila kosa linaonekana kwenye kaunta siku ile ile.

Kinachokula umeme ndani ya mashini ni kupasha maji, kuliko kuzungusha nguo. Mota ya mapipa mawili inavuta wati 300 hadi 500. Robo saa ya kufua na dakika tano za kukamua ni kama sehemu moja ya kumi ya kilowati-saa. Mashini ya mlango wa mbele yenye kupasha maji hadi nyuzi 60 inavuta karibu wati 2000 wakati wa kupasha, na mzunguko mmoja unafikia kilowati-saa moja hivi. Ni mara kumi. Aliye na mashini ya aina hiyo tayari anaweza kukata gharama sehemu kubwa kwa kuchagua maji baridi kwenye kitufe. Kwa nguo za kila siku inatosha, na mashuka ya mgonjwa yanaweza kuchemshwa kando.

Tofauti hiyo inahusu pia nyaya za nyumba. Nyumba nyingi za kupanga zimeunganishwa kwa waya mwembamba unaopita kwa jirani wawili au watatu. Wati 2000 juu ya waya huo ni moto wa kweli, si ule wa taa. Jenereta ndogo, au sola yenye betri mbili, inaweza kuendesha mapipa mawili ikiwa ina nguvu ya kutosha ya kuanzisha mota, lakini haitapasha maji.

Bukavu ina maumivu yake. Huko umeme wa SNEL unatoka Ruzizi, na mtambo wa Ruzizi I, uliojengwa wakati wa ukoloni, unasumbuliwa kila mara na plastiki zinazosukumwa na maji ya ziwa hadi kwenye mashini zake. Umeme unakuja kwa zamu, unashuka, unarudi kwa kishindo. Mashini za kisasa zenye mota ya inverta zinasifiwa kuwa hazina kelele na zinakula kidogo, na ni kweli, lakini ndani zina kadi ya elektroniki ambayo kishindo kimoja kinaweza kuiua, na kadi mpya inaweza kukaribia nusu ya bei ya mashini. Ile ya mapipa mawili ina saa ya springi, mkanda, mota na kondensateri. Fundi wa redio na feni anaijua. Aking'ang'ania otomatiki, mkaaji wa Bukavu atie pia kwenye hesabu yake stabilizateri ya nguvu inayotosha, isiwe ile ndogo ya televizyo.

Jambo la usalama halizungumzwi dukani. Ile ya mapipa mawili inaingizwa mikono, na mtu anasimama miguu ndani ya maji yaliyomwagika. Waya wa kijani na manjano, ule unaopeleka umeme uliopotea ardhini, unapaswa kuunganishwa kweli. Juu ya mawe ya lava kuzamisha chuma cha ardhini ni kazi, ndiyo maana wengi wanaukata waya huo na kuutupa. Basi angalau mashini ichomolewe kwenye priza kabla ya mtu kutia mkono, na watoto wakae mbali na pipa la kukamua mpaka lisimame kabisa.

Okazio na nyumba ya mbao

Zile za Ulaya zinajaribu moyo: jina kubwa, chuma kizito, na bei inayokaribia ya mapipa mawili mapya. Zingine ni nzuri. Lakini ziliacha nchi zao kwa sababu fulani, na mara nyingi sababu ni beringi zilizolika. Mnunuzi azungushe pipa kwa mkono, mashini ikiwa imezimwa: likitoa sauti ya mawe yanayosagwa, aondoke. Asukume pipa juu na chini. Likicheza peke yake bila pipa la nje linalolizunguka, hapana. Afungue mlango na kukunjua mpira wa duara, aangalie kama umepasuka. Asome kibati cha nyuma: Congo inatumia volti 220 na herzi 50, na mashini iliyotengenezwa kwa volti 110 haina kazi hapa bila transfoma kubwa. Kisha aombe iwashwe, ikamue, mbele ya macho yake. Muuzaji anayesema leo hakuna umeme, basi kesho atakuwepo. Mnunuzi arudi kesho.

Hata mpya ya mapipa mawili ina mtego wake. Kilo zilizoandikwa kwa herufi kubwa mbele ni za pipa la kufua. Lile la kukamua ni dogo zaidi. Iliyoandikwa 7 inaweza kukamua 4 au 5 tu. Blanketi nzito ya Goma, mji ulio kwenye mita karibu 1500 za mwinuko, haitaingia humo, itaendelea kukamuliwa na watu wawili, mmoja huku na mwingine kule. Garanti nayo mara nyingi ni neno la mdomo, kwa sababu mwakilishi wa kiwanda yuko Kampala, Kigali au mbali zaidi. Kilicho na thamani ni karatasi yenye muhuri wa duka na siku za kubadilisha.

Baada ya lava ya mwaka 2002, nyumba za mbao zilijaa mjini, na sakafu ya mbao ni adui wa mashini ya mlango wa mbele. Ndani yake kuna kizito cha betoni cha kuituliza inapokamua kwa kasi. Kwenye mbao inatembea, inagonga ukuta, na beringi zinakufa mapema. Ikiwekwa nje, kwenye baraza yenye simenti, kuna vumbi nyeusi na wezi. Ile ya mapipa mawili ni nyepesi, watu wawili wanaitoa asubuhi na kuirudisha jioni. Na sabuni: unga wa kufulia kwa mkono unatoa povu jingi linalojaza mashini ya mlango wa mbele na kuizuia kusuuza. Inataka unga wake, wenye bei yake. Ile ya mapipa mawili inakubali unga wowote wa soko la Virunga au Kadutu.

Kuna njia ya nne ambayo wachache wanaifikiria: kikamulio peke yake, pipa moja la kuzungusha. Jamaa inaendelea kufua kwa mkono, lakini shati la mtoto linatoka na unyevu kidogo tu, na kufikia asubuhi limekauka ndani ya nyumba hata mvua ikinyesha. Kwa mwenye uniforme moja na akiba ndogo, hicho kinaweza kusaidia kuliko otomatiki iliyokosa maji.

Parseli moja, mashini moja

Kwa sababu feza ya jamaa moja haifiki, katika parseli za wapangaji wengi wazo la kununua pamoja linatembea, kwa mtindo wa likelemba. Ugomvi unaanzia kwenye kaunta: nani analipa kashi-pawa? Hesabu ya juu inaonyesha kwamba kwa mapipa mawili umeme ni kitu kidogo sana, maji ndiyo makubwa. Kila mpangaji akija na bidoni zake na sabuni yake, kinachobaki kugawana ni umeme wa senti chache na feza ya kutengeneza mkanda siku utakapokatika. Afadhali feza hiyo ianze kukusanywa mwezi wa kwanza, mashini ikiwa bado mpya na watu wakiwa bado na furaha.

Wanaoogopa mashini hiyo ni wanawake wanaopita nyumba kwa nyumba wakifua kwa malipo ya siku, wengi wao waliokimbia vita vya Masisi na Rutshuru. Otomatiki iliyounganishwa na bomba inawatoa kweli. Ile ya mapipa mawili bado inataka mtu wa kuteka, kumwaga, kuhamisha na kuanika, na mwenye nyumba anayetoka kazini saa kumi na moja jioni atamtafuta mtu huyo. Bei ya siku ndiyo itajadiliwa upya: mwenye mashini atasema kazi imepungua, na mfuaji atamwonyesha bidoni kumi na mbili zilizopangwa mlangoni.